Ukumbi wa Cherehani: Je, Pazia la Kitambaa Litazuia Maji ya Bafu?

SWALI: Shikamoo bibi. Ninaishi Tanga, katika nyumba ambayo bafu na choo viko chumba kimoja, na mahali pa kuogea pametengwa kwa pazia la plastiki lililotundikwa kwenye bomba. Kila baada ya miezi michache pazia hilo huota madoa meusi upande wa chini, hukakamaa na kuchanika kwenye matundu ya pete, na nikifungua maji huvutwa ndani na kuniganda miguuni. Nina cherehani na ninaweza kushona nguo za kawaida, lakini mume wangu anasema kitambaa kitapitisha maji hadi chooni. Je, ni kweli? Kama kinafaa, ninunue kipi, na je, nikipake nta ya nyuki? Nafasi ya kuziba ina upana wa sentimita 110, na bomba liko sentimita 200 kutoka sakafuni. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shaka ya mumeo ina msingi, ila amelipatia pazia kazi ya ndoo. Ndoo hushika maji yaliyotulia, ilhali pazia hurushiwa matone ambayo, yakishaligusa, huteremka juu ya uso wake hadi sakafuni. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana huimudu kazi hiyo, kwa sababu nyuzi za pamba zikilowa hufura na kuziba vijitundu vilivyo kati yake. Kwa njia hiyo hiyo mahema ya turubai la pamba yaliwakinga watu na mvua kabla plastiki haijaenea. Upande wa nje utakuwa na unyevu, na ukiuegemea maji yatapenya pale ulipogusa, lakini hayatarukia choo.

Kuhusu kuganda miguuni, jambo hilo limewashughulisha hata wataalamu. David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alipewa mwaka 2001 tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa tafiti za kuchekesha zenye maana, kwa kueleza sehemu ya sababu yake: matone yanayoshuka huizungusha hewa kama kimbunga kidogo kilicholala, shinikizo la hewa katikati yake hupungua, na pazia jepesi huvutwa humo. Kwa hiyo dawa ni uzito upande wa chini. Kuna wanaoshonea chubwi za kuvulia samaki ndani ya upindo, nami siwaungi mkono, kwa kuwa chubwi nyingi ni za madini ya risasi, na madini hayo ni sumu isiyofaa kukaa karibu na watoto. Upindo mpana uliokunjwa mara mbili unatosha.

Sasa kitambaa. Wengi hukimbilia marudufu, ile pamba nzito ya kushonea matanga ya mashua, kwa kuwa inaonekana imara, na kweli ni imara. Lakini katika unyevu wa Tanga itakaa mbichi tangu uoge jioni hadi asubuhi, na kitambaa kisichokauka ndicho kinachoota koga, kiwe kizito au chepesi. Kitambaa kiitwacho marekani, ile pamba isiyopaushwa, nacho kingefaa zaidi Dodoma, ambako hewa ni kavu. Mimi ningechukua tetroni ya mchanganyiko wa pamba na poliesta, iliyofumwa kwa kubana, yenye upana wa sentimita 150 ili usiwe na mshono katikati. Ukiwa dukani, kiinue kitambaa kuelekea mlangoni penye mwanga: ukiona nuru inapita kwa vitone vitone kama kwenye chekecheke, mrudishie muuzaji kwa heshima na uombe kingine.

Nunua mita 2 na sentimita 30, kisha ukifue na kukianika kabla hujagusa mkasi. Nasisitiza hilo kwa sababu pazia langu la kwanza nililishona kitambaa kikiwa bado na gundi ya kiwandani, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza likapanda juu kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla, maji yakatapakaa chumba kizima. Pamba inaweza kurudi kwa asilimia 5, na vipimo vyangu vimeliachia nafasi jambo hilo. Pazia lililokamilika liwe na urefu wa sentimita 190, ili pete zichukue sentimita 4 na chini zibaki sentimita 6 za kupitisha hewa. Juu kunja sentimita 5 mara mbili, chini kunja sentimita 8 mara mbili, na kando kunja sentimita 2 mara mbili. Utabaki na upana wa takriban sentimita 135, wenye marinda kidogo. Tumia sindano namba 14 na uzi wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba huoza mapema mahali penye maji.

Matundu ya pete yawe 10, la kwanza na la mwisho sentimita 3 kutoka ukingoni, mengine kila baada ya sentimita 14 hivi. Yashone kama matundu ya vifungo vya koti. Vile vijipete vya chuma vinavyogongwa kwa nyundo hupendeza, lakini ukioga kwa maji ya kisima yenye chumvi vitashika kutu, na doa la kutu halitoki kwa sabuni.

Nta ya nyuki usiipake. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo hutaweza kulifua pazia kwa maji ya moto, na faida kubwa ya kitambaa ni kufulika. Shona mapazia mawili, moja likiwa bafuni jingine likiwa juani, na uyabadilishe kila wiki mbili. Koga ikianza, loweka katika siki iliyochanganywa na maji, ila usichanganye siki na jiki kamwe, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Lile la plastiki nalo usilichome uani: mengi ni ya plastiki iitwayo PVC, na moshi wake ni mbaya kwa kifua.

SWALI: Nina doti ya leso niliyotunzwa harusini. Naweza kuifanya pazia la bafu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Unaweza, mwanangu, lakini si peke yake. Leso ni nyepesi, ikilowa huonyesha mwili na huganda kuliko hata plastiki. Unganisha vipande viwili kwa upande mrefu, utapata kimo cha kutosha, kisha itundike kwenye pete zilezile kwa nje ya pazia la tetroni, ibaki kavu. Jina, yaani maandishi ya leso, lielekee nje, lisomwe na wanaosubiri zamu.