Mizizi ya mahindi kukonda kwenye modeli

Modeli yako ya kompyuta ya ukuaji wa mahindi ya Njoro ikionyesha mizizi kidogo kupita kiasi, kagua sampuli kabla ya programu. Mmea uking'olewa kwa mkono, mizizi myembamba hubaki udongoni. Chimba bonge zima hadi sentimita 30, lioshee juu ya chekeche la matundu madogo, kausha kwa nyuzi 70 mpaka uzito usibadilike, kisha zidisha uzito huo kwa 0.45 upate makadirio ya kaboni.

Mgao, yaani fungu la kaboni mpya linalokwenda kwenye mizizi, shina na majani, nao hukokotolewa kwa ongezeko kati ya vipimo viwili, si kwa uzito wote uliopo. Majani yaliyodondoka yahesabu pia. Mafungu ya sehemu zote za mmea yajumlike kuwa 1. Mahindi yakianza kubeba, ongeza fungu la punje na magunzi. Kutumia mgao uleule msimu mzima, hata mvua ikikatika, ni uvivu tu.