Spea kwenye buti la Leaf

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi nina Nissan Leaf, gari la umeme, ya 2014 iliyotoka Japani, nakaa Mombasa na kila Ijumaa jioni naenda Kilifi kwa mamangu. Juzi nimepita Vipingo kidogo tairi la mbele likapasuka, nafungua buti hakuna spea, hakuna jeki, kuna kichupa cha dawa na kipampu tu. Nikatia dawa, nikapampu, povu jeupe likawa linanitokea ubavuni mwa tairi, nikakaa masaa matatu nangoja lori la kubeba gari. Sasa nimenunua spea lakini kila nikipiga breki linagonga huko nyuma du! Mume wangu anasema tutoboe sakafu ya buti tulikaze na bolti. Ni sawa?

JAWABU: Dada pole, ila mwambie shemeji aweke drili chini kwanza. Betri ya Leaf imelala chini ya viti, haifiki hadi buti, lakini kwa nini utoboe karibu na kitu cha volti zaidi ya 300, halafu kwa hewa ya chumvi ya huko Pwani tundu hilo mwaka haupiti lishaanza kula kutu.

Ile dawa inaziba tundu la msumari pale tairi linapokanyaga, ubavu ukichanika ndio basi, tena dawa yenyewe inaekspaya, angalia tarehe.

Buti la Leaf lina kina, kwa hiyo lilaze spea chini kabisa juu ya kipande cha mpira lisiteleze, pitisha mkanda wa racheti kwenye matundu ya rimu ufunge kwenye vikulabu vya mizigo, kama huna vikulabu tumia vyuma vya kufungia kiti cha mtoto vilivyo nyuma ya kiti. Kamba ya mpira ile ya bodaboda hapana, inavutika, na ukigonga kitu tairi linakufuata mbele.

Na hilo ulilonunua umelipima? Leaf nyingi zinavaa tairi la saizi 205/55R16, rimu ya nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3. Kama ni kale kembamba ka muda tafuta saizi T125/90D16, urefu wake unakaribiana sana na tairi lako, lijaze upepo psi 60 na usipite kilomita 80 kwa saa. Leaf inavuta kwa miguu ya mbele, na ukipunguza mwendo hiyo hiyo ndiyo inayochaji betri, kwa hiyo pancha ikiwa mbele hamisha la nyuma lije mbele, kembamba likae nyuma. Najua ni kazi mara mbili, tena juani, lakini fanya hivyo.

Jeki weka kwenye zile alama za pembeni chini ya milango, usiguse lile tumbo bapa katikati, hiyo ndiyo betri. Spana ya nati ni milimita 21.

Halafu waya wa kuchajia uweke juu ya spea, wangu niliuweka chini nikawa natoa tairi zima kila usiku.