Jibu: jeni ipi ya DREB inausaidia mtama kwenye ukame?

Ndugu uliyeuliza, umesema umeshazipata jeni zote za DREB (zinazotengeneza protini za kuwasha jeni nyingine mmea ukipata shida kama ukame) kwenye jenomu, yaani DNA yote, ya mtama, umechora mti wa ukoo wa jeni hizo, na sasa unataka kuchukua ile iliyopanda zaidi kwenye qPCR (kipimo cha wingi wa RNA ya jeni) useme ndiyo ya ukame. Masta yangu niliifanyia humohumo, nakusihi usikimbilie hapo.

Mti unakuonyesha nani ni ndugu wa nani, basi. RNA, nakala ya jeni ambayo mmea huitumia kutengeneza protini, nayo ina ujanja wake. DREB2A ya Arabidopsis (mmea mdogo wa majaribio ya maabara) hupanda mmea ukikosa maji, ila protini yake huvunjwa upesi hali ikiwa shwari. Wajapani walipokata kipande kinachoizuia ndipo mimea ikastahimili ukame. DREB1A ikiachwa iwake muda wote, mmea unadumaa. Mwaka 1999 waliifungia promota (swichi ya jeni) ya jeni nyingine, rd29A, inayowaka wakati wa shida, na udumavu ukapungua sana.

Sasa vyungu vyako, maana kazi nyingi huharibikia hapo. "Tuliacha kumwagilia wiki moja" si kipimo. Mche wenye majani mapana unamaliza maji ya chungu chake kabla ya jirani yake, halafu unalinganisha ukame wa aina mbili. Pima uzito wa vyungu kila asubuhi, rudisha maji kiasi hadi vyote vilingane. Majani uchume saa ileile, kwani jeni za DREB1 hufuata saa ya ndani ya mmea. Pima pia maji ya jani kwa uzito: vipande vibichi, kisha vilivyoloweshwa hadi kushiba, kisha vilivyokaushwa kwenye oveni. Vikitoka majini vifute kwa tishu polepole pande zote mbili. Tone likibaki, uzito wa kushiba unapanda na jani linaonekana kavu kuliko lilivyo.

PEG, kemikali inayotiwa kwenye maji ili mizizi ishindwe kuyanyonya, mimi siipendi. Inaishtua mizizi ghafla, wakati udongo wa Karamoja, kule Uganda kunakokauka, unakauka taratibu, na mara nyingi mvua hukatika mtama unapochanua. Miche michanga ya bandani itakujibu swali jingine kabisa.

Ningekuwa wewe, ningepanda B35, aina ya mtama inayobaki na majani mabichi punje zikijaa, kando ya mtama wa kienyeji, nichume jani la juu wakati wa kuchanua. Halafu tazama jeni zako zipi zinaangukia kwenye maeneo ya Stg1 hadi Stg4, sehemu za jenomu zinazohusishwa na kubaki na majani mabichi. Kwa mbegu za kienyeji, waulize kituo cha utafiti cha Serere, Uganda, mapema, kabla msimu haujafunguka.