Kufura si sheng, mtoto arudishiwe alama yake

Dada uliyeuliza kuhusu insha ya kijana wako wa gredi ya sita, nimekusoma usiku nikitoka zamu. Unasema aliandika "nyuki walimuuma hata uso wake ukafura", mwalimu akalizungushia neno wino mwekundu na kuandika pembeni: sheng, sema "ukavimba". Mtoto hakukosea. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam), ile iliyotoka mara ya kwanza 1981, utalikuta fura limekaa humo kwa heshima zake. Nyanya yangu kule Kisauni alilitumia kila siku, na sheng hakuijua hata salamu.

Ila mwalimu namwelewa kidogo. Hapa Nairobi neno hili limebebeshwa mizigo mpaka linanuka mtaa. Betri ya simu imefura, mlango wa choo umefura kwa mvua, tairi imefura ubavuni, maharagwe yamelala majini yamefura. Na kubwa kuliko yote: mtu amefura, yaani amekasirika, usimsogelee. Wengi hudhani hiyo ya hasira ndiyo maana yenyewe na ni ya vijana. Wapi! Kufura kwa hasira ni Kiswahili cha wazee.

Maana hizo mbili ziliwahi kuniponza. Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo upande wa Kariobangi, na kisa hiki ni cha miaka yangu ya mwanzo, nikiwa bado na lafudhi ya pwani inayochekwa. Kijana mmoja alinipigia simu: "Sista, bibi yangu amefura tangu jana." Nikacheka. Nikamwambia amnunulie matunda, amwache apoe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "La, sista, amefura uso na mikono. Pete haitoki."

Mkewe huyo alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimwambia amlete saa hiyo hiyo, kwa bodaboda au kwa mgongo. Presha ilisoma 160 kwa 110, mkojo ulikuwa na protini, na kichwa kilikuwa kinamgonga. Miguu ya mjamzito kufura kidogo jioni ni kawaida, lakini uso na mikono vikijaa ghafla pamoja na presha ya namna hiyo, unaweza kuwa mlangoni mwa kifafa cha mimba. Tulimkimbiza hospitali kubwa, na mama na mtoto wakapona. Tangu siku ile mtu akiniambia fulani amefura, swali langu la kwanza ni: wapi?

Basi tofauti ya fura na vimba iko wapi? Kwenye mwili sioni tofauti ya kumnyima mtoto alama. Mguu umevimba, mguu umefura, yote sawa. Ninachohisi mimi ni kwamba fura lina msukumo wa ndani, kitu kinachopanda. Nyanya akibandika maziwa jikoni alituambia tukae macho, "yakifura niiteni". Tukizubaa yakapita ukingo wa sufuria, hapo yamefurika. Sikiliza maneno hayo mawili yalivyo jirani. Mto Mathare ulipotoka kingoni masika ya 2024, tulisema umefurika, wala hakuna aliyesema umevimba. Nayo betri ya simu hujaa gesi kwa ndani kemikali zake zinapoharibika, kwa hiyo fundi wa simu wa barabara ya Luthuli hapa mjini anayesema imefura amepatia kabisa. (Na ukiiona hivyo usiitoboe, tafadhali. Huwaka moto.)

Vimba nalo lina ukoo wake. Limezaa uvimbe, jina ambalo fura halijatupatia. Sijamsikia mgonjwa akilalamikia "ufuro". Limezaa kuvimbiwa, ule mzigo wa tumboni baada ya pilau ya harusi. Na kumvimbia mtu ni kumtolea kifua. Ndugu zetu wa Tanzania siku hizi mtu akiringa husema anavimba.

Lina hata binamu hapa Nairobi. Shosho mmoja aliingia akichechemea, akaniambia mguu wake "umeimba". Mimi mtu wa pwani nikabaki mdomo wazi, karibu nimuulize umeimba wimbo gani. Kumbe Kikuyu kuvimba ni kũimba. Ni neno lile lile la Kibantu, ila v haipo. Nilibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Hayo yalikuwa maji, hayakuwa wimbo.

Na kwa kuwa nimetaja unga: huo usiseme umefura ukiwa mbele ya mpishi wa mahamri. Unga wa hamira huumuka. Misuli hutuna, ndiyo maana tunatunisha misuli, na kwenye michango tunatunisha mfuko. Chuma juani hutanuka. Mpira ukiuvuta unavutika, na ule unaovutika na kurudi ulivyokuwa tunasema unanyumbuka. Mtoto akijigonga kipaji cha uso anaota nundu. Hapo sitaji matende na busha, maana hayo ya minyoo iletwayo na mbu yanataka uzi wake.

Kwa mwalimu nenda na kamusi mkononi, lakini usiende umefura. Mwambie sentensi ya kijana haina utata: nyuki wametajwa, uso umetajwa. Angeandika tu "alifura baada ya kuumwa na nyuki", hapo hata mimi ningeuliza kama ni uso au ni roho.