Kuchapa kwa skrini picha yenye rangi nyingi kwenye fulana nyeusi: maswali yenu

Picha ya simba niliitenganisha, kila rangi na skrini yake, kwa zile rangi nne za kuchapia karatasi (samawati, majenta, njano na nyeusi). Kwenye fulana nyeusi karibu haikuonekana. Kwa nini?

Wino wa mtindo huo unapitisha mwanga. Unategemea weupe wa karatasi, na juu ya nyeusi unamezwa. Tumia wino unaofunika, utenganishe kwa rangi zilizomo pichani. Kwa simba: nyeupe ya chini (inayochapwa kwanza ili rangi nyingine zionekane juu ya nyeusi), njano ya dhahabu, chungwa, kahawia, kijivu, kisha nyeupe ya juu. Nyeusi usiichape. Fulana yenyewe inatosha, na umeokoa skrini moja, yaani fremu ya kitambaa ambamo wino hupitia.

Nyeupe ya chini naipataje kwenye Photoshop? Nikiigeuza picha kuwa ya kijivu, chini ya nyekundu weupe unatoka hafifu.

Programu inapogeuza rangi kuwa kijivu huihesabu nyekundu kali kuwa ni giza, kwa hiyo haiipi weupe wa kutosha. Acha njia hiyo. Picha ikiwa RGB (nyekundu, kijani na buluu), nakili chaneli zake tatu, kila moja iwe leya yake kwenye faili jipya la kijivu lenye ukubwa uleule. Leya mbili za juu ziwekee modi ya Lighten. Sasa kila sehemu inabeba thamani kubwa kuliko zote tatu: nyekundu, njano na nyeupe zinapata weupe kamili, nyeusi inabaki tupu. Unganisha leya, fanya Invert (nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe), bandika kwenye chaneli mpya ya spoti, yaani chaneli ya wino mmoja.

Nyeupe ya juu hupatikana vivyo hivyo, ila kwa Darken, inayochukua thamani ndogo kuliko zote tatu. Kinachobaki ni sehemu nyeupe kwelikweli, kama mng'ao wa jicho na sharubu. Ikibaki zaidi ya hapo, ipunguze kwa Curves, kifaa cha Photoshop cha kurekebisha mwanga na giza.

Halafu kuna suala la kingo. Kwenye faili la 300 dpi (pikseli 300 kwa inchi), nyeupe ya chini ipunguzwe pikseli 1 au 2 palipo na kingo kali. Usipofanya hivyo, skrini ikisogea kidogo tu, weupe utachungulia pembeni. Palipo na vivuli vya taratibu paache.

Nyeupe ya chini ikishachapwa, ipige moto hadi isishike kidole, basi. Ukiikaanga, rangi za juu hazitashika vizuri. Ukiiacha na joto jingi, wino unaofuata utaanza kuganda kwenye skrini.

Nitumie nukta za laini ngapi (safu za nukta zinazounda vivuli), na kitambaa gani cha skrini?

Laini 45 hadi 55 kwa inchi. Nyuzi za kitambaa kwa inchi zisipungue mara 4.5 ya laini: laini 50 zinataka nyuzi 225 kwa inchi, yaani karibu 90 kwa sentimita. Angalia kipimo unaponunua, maana 90 kwa inchi ni kitambaa chenye matundu makubwa mno kwa kazi hii. Tunapendelea nyuzi 90 kwa sentimita kwa nyeupe ya chini na 120 kwa rangi za juu. Nukta ziwe za duaradufu, rangi zote kwenye pembe ya digrii 22.5. Ukiona mawimbi, badilisha pembe digrii chache.

Nukta huvimba zikigusa fulana: ya 50% inaweza kutoka kama 65% au zaidi. Shusha katikati ya Curves kabla ya kutoa filamu (karatasi angavu zenye picha ya kila rangi, za kutengenezea skrini), la sivyo manyoya ya simba yatakuwa bonge.

Alama za kulinganishia zinakutana juu, chini zinaachana. Fremu nimezikaza.

Kama filamu zinatoka kwenye printa ya leza, joto lake linazifinya. Zipitishe kwanza zikiwa tupu, au hamia filamu za printa ya wino. Zikikutana vizuri juu ya kioo chenye taa, basi tatizo ni kitambaa cha skrini kilicholegea.

Jezi nyekundu ya poliesta: nyeupe imegeuka waridi.

Hapo utenganishaji hauna kosa. Joto limeivusha rangi ya jezi ikapanda kwenye wino. Weka chini wino wa kijivu wa kuzuia rangi ya jezi, juu yake nyeupe ya poliesta, na uchague wino unaoiva kwenye nyuzijoto 130 hivi badala ya 160. Chapa jezi moja, uilaze hadi kesho yake ndipo uendelee na nyingine, kwa kuwa uwaridi unaweza kujitokeza saa nyingi baada ya kukauka.