Mbona wa Kutz ndo walobaki

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma nikaona haifai kuijibu kwa voisi ya dakika moja, wacha niandike. Unauliza mbona wale ulokaa nao wiki chache tu za kiangazi pale Kutz, ile kambi ya vijana wa Kiyahudi, ndo mnaongea mpaka leo, na wa haiskuli mlosoma miaka minne hata namba zao huna, alafu sasa kambi ilishafungwa tangu 2019 unaogopa na nyinyi mtapoteana.

Mimi naona ni kwa sababu pale mlipewa kazi. Watu hudhani kambi ni kuogelea na kuimba tu, lakini ile ya Warwick, New York, tangu 1965 ilikuwa ya kufunza vijana wa NFTY, chama cha vijana wa Kiyahudi wa Reform, kuongoza, yani mtoto wa miaka 16 anaambiwa ibada ya Ijumaa jioni ni yenu, pangeni wenyewe, nani apige gita, nani aeleze Tora, yani Torati, ya wiki hii, na kambi nzima inawangoja. Hapo ndo unamjua mtu. Unamwona akitetemeka, unamwona akinuna usiku wa manane juu ya wimbo mmoja, alafu kesho yake ukisahau Kiebrania mbele za watu yeye ndo anakudakia mstari. Shuleni mlikaa darasa moja sawa, lakini kila mtu na mtihani wake.

Na kuna upweke, hili babako aliliona mapema kuliko mimi. Shuleni wewe ndo ulikuwa Myahudi peke yako, tena mweusi mwenye mama Mkenya, kila Desemba unaeleza sikukuu ya Hanuka upya, kila Pasaka ya Kiyahudi unaeleza mbona huli mkate. Kutz ulipumzika na hayo maelezo. Najua hata huko wapo walokuuliza wewe ni Myahudi kivipi, ulinihadithia na iliniuma sana, lakini sijasahau kuwa yule msichana wa Ohio aliwajibu kabla hujafungua mdomo. Huyo utampoteaje kweli?

Uliporudi ukaanza kuniomba karafuu za jikoni, za kunusa kwenye Havdalah, ile ibada fupi ya kuaga Shabbat, yani Sabato, ikitoka Jumamosi usiku, nikafurahi mno, karafuu ya kwetu Pwani imepata kazi nyingine.

Kuhusu kambi kufungwa, mimi sina hofu hiyo. Zile wikendi za NFTY za baridi mkilala sakafuni sinagogi, yule kijana alopanda basi usiku kucha kuja kukaa nasi kwenye shiva, matanga ya siku saba, ya nyanyako, hayo yalitokea nje ya kambi yote. Ninachohofia ni hii grupu yenu ya WhatsApp, mtu anaweza kuwa humo ndani na amepotea kabisa, hepi bathdei basi. Mpigie mmoja mmoja. Alafu jipeni kazi tena, manake nyinyi mlizoeana mkifanya kitu. Mimi ningesema Sukot, sikukuu ya vibanda, mje hapa kwetu mjenge kibanda uani, babako mbao anazo gereji, mmoja aongoze kidushi, ile baraka ya divai, mwingine nyimbo, na wenye watoto waje nao walale chini kama mlivyokuwa mnalala nyinyi. Pilau ya kuku ni juu yangu, na yule asokula nyama nitamfanyia yake kando, wewe niambie tu mapema mko wangapi nijue mchele.

Mamako