Maganda ya Ndizi, Makumbi ya Nazi na Metali Nzito Majini

Maswali ya safari hii yanahusu mabaki ya mimea na uwezo wake wa kunasa metali nzito zilizoyeyuka majini, yaani metali zenye sumu kama risasi (ile metali, si ya bunduki), kadimi na zebaki.

Ganda la ndizi linawezaje kunasa risasi? Si porojo hizi? (Msomaji, Bukoba)

Si porojo. Kuta za seli za ganda zimejengwa kwa selulosi, pektini na lignini, na molekuli hizo zina ncha ambazo zikiwa majini huachia hidrojeni na kubaki na chaji hasi. Risasi, kadimi na shaba zilizoyeyuka huwa na chaji chanya, kwa hiyo huvutwa na kushika nafasi zilizokuwa za kalsiamu, potasiamu au hidrojeni. Makumbi ya nazi, magunzi ya mahindi na pumba za mpunga hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Uasidi wa maji ndio unaoamua mengi: pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka kadiri uasidi unavyozidi, ikishuka mno, hidrojeni hujaa na kuzifukuza metali, kati ya 5 na 6 risasi hunaswa vizuri, ikipanda sana, risasi huganda na kutuama yenyewe, na mtafiti asiye makini akaishia kulisifu ganda kwa kazi ambalo halikuifanya. Kromiamu ya valensi 6, yaani aina yake yenye sumu kali, ni kinyume chake, kwani majini huwa na chaji hasi na hunaswa zaidi penye asidi kali, ambapo ganda hugeuza sehemu yake kuwa ya valensi 3, yenye sumu ndogo zaidi.

Nikitia maganda kwenye ndoo ya maji ya kisima, yatatosha? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Usifanye hivyo, dada yangu. Maganda mabichi hutoa sukari na tanini, na bakteria hushamiri humo upesi. Maabara huyakatakata, huyaanika mpaka yavunjike yakikunjwa, huyasaga na kuyachekecha, kisha huuosha unga wake tena na tena mpaka maji yaache kutoka na rangi ya kahawia. Hata hapo, hesabu ni ngumu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Unga ulioondoa asilimia 90 kutoka kwenye maji yenye mikrogramu 1,000 umekuachia 100, yaani mara 10 ya kiwango hicho, na macho wala ulimi haviwezi kukuonya.

Je, kuchemsha au kutumia mbegu za mlonge? (Msomaji, Kilifi)

Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi na kadimi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke ukali wake huongezeka. Mlonge hukusanya tope na kulituliza chini. Maji kuwa angavu si dalili kwamba metali zimetoka.

Sisi wachimbaji wadogo wa dhahabu tunaweza kuondoa zebaki kwa maganda? (Msomaji, Geita)

Zebaki huambatana na salfa kwa nguvu zaidi kuliko oksijeni iliyo kwenye zile ncha za ganda, kwa hiyo mkaa wa vifuu uliotiwa salfa huizidi nguvu pumba ya kawaida. Hata hivyo, sumu nyingi huwafikieni kwa mvuke, pale mchanganyiko wa dhahabu na zebaki unapochomwa hadharani, jambo ambalo Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi wanachama zilikomeshe. Ningeanza na ritoti, yaani chombo cha kuchomea mchanganyiko huo kinachonasa mvuke wa zebaki, iliyofungwa vizuri kabla ya kufikiria ganda lolote.

Unga uliokwisha kunasa metali unafaa kuwa mbolea? (Mkulima, Mbeya)

Haufai hata kidogo. Ganda haliiharibu metali, limeihamisha tu, na kadimi hupanda kwa urahisi kutoka udongoni hadi kwenye majani ya mboga. Kuuchoma jikoni nako hurusha sumu hewani na kuacha nyingine kwenye majivu. Njia ya haki ni kuuosha kwa asidi iliyozimuliwa, metali ikatoka katika maji machache yanayoweza kushughulikiwa, na unga ukarudi kazini mara kadhaa huku nguvu yake ikipungua. Kwa sababu hiyo naona mahali pake ni kwenye mfereji wa maji taka ya kiwanda, penye mtu wa kupima na wa kuwajibika.

Na floraidi ya maji ya Arusha? (Msomaji, Usa River)

Floraidi si metali, na ina chaji hasi, hivyo ganda ghafi halina msaada mkubwa. Kwa hiyo, mkaa wa mifupa ya ng'ombe ndio uliozoeleka huko.